Uwapo wa Wakati Uliopita katika Kihispania: Kitenzi Haber kati ya Hubo na Había

1.0 Utangulizi

Sentensi za Kihispania "En la casa había tres muertos" na "En la casa hubo tres muertos" zinatofautiana kwa neno moja tu. Maneno yenyewe, había na hubo, ni maumbo ya kitenzi kimoja, haber, na yote mawili ni ya wakati uliopita. Mfasiri wa Kiswahili mwenye haraka ataziandika sentensi zote mbili kwa namna moja: 'Nyumbani kulikuwa na maiti watatu.' Kwa sentensi ya kwanza tafsiri hiyo inafaa. Kwa sentensi ya pili imepotosha habari. Sentensi ya kwanza inaeleza hali aliyoikuta mtu alipoingia au alipochungulia: miili mitatu imo ndani, na haisemwi ilifikaje humo. Sentensi ya pili inaeleza tukio: watu watatu walipoteza maisha katika nyumba hiyo. Katika ushahidi, huo ndio mpaka kati ya kile ambacho shahidi alikiona na kile ambacho shahidi anadai kwamba kilitendeka.

Mpaka huo umepitiwa mara nyingi katika historia ya karibuni ya Amerika ya Kilatini. Tume zilizochunguza mauaji na upotevu wa watu ziliandika ripoti zake kwa Kihispania: ya Argentina mwaka 1984, ya Guatemala mwaka 1999 na ya Peru mwaka 2003. Tume ya Peru peke yake ilikusanya takribani shuhuda 17,000. Sehemu kubwa ya waathirika wa Peru walikuwa wasemaji wa Kikechua, na wale wa Guatemala walikuwa hasa wasemaji wa lugha za Kimaya, hivyo maneno mengi yalipita kwa mkalimani kabla hayajafika kwenye karatasi. Kila ilipohitajika kusemwa kwamba mahali fulani kulikuwa na kitu au watu, mwandishi wa Kihispania alilazimika kuchagua kati ya hubo na había. Sarufi ya lugha hiyo haimpi njia ya tatu iliyo nyepesi.

Makala haya yanaeleza uchaguzi huo na msingi wake, na kuulinganisha na namna Kiswahili kinavyoeleza uwapo uliopita. Hoja inayotetewa ni kwamba uchaguzi hautegemei aina ya nomino wala urefu wa muda, kama vitabu vingi vya kufundishia vinavyodokeza, bali hutegemea jinsi msemaji anavyouweka uwapo wenyewe: kama hali inayotazamwa kutoka ndani, au kama tukio lililofungwa pande zote mbili. Suala la pili, ambalo ni la upatanisho wa kisarufi, linajadiliwa baadaye kwa sababu historia yake inatoka mahali pengine.

2.0 Umbo lisilosogea

Katika Kihispania sanifu, haber ya uwapo haina kiima. Kile kinachokuwapo huwa ni yambwa, na kwa sababu hiyo kitenzi hubaki katika nafsi ya tatu umoja hata nomino ikiwa ya wingi: "había un libro", "había cien libros". Kipimo chake ni kiwakilishi. Mtu akiulizwa kama kulikuwa na vitabu hujibu "sí, los había", na los ni kiwakilishi cha yambwa. Jambo hili halimshangazi msemaji wa Kiswahili, kwani katika 'kulikuwa na kitabu' na 'kulikuwa na vitabu mia' kiambishi ku- hakisogei pia.

Nomino inayofuata haber kwa kawaida haiwi bainishi. Daktari anayetajwa kwa mara ya kwanza huingia kwa haber, "había un médico en el pueblo"; daktari anayejulikana tayari huhitaji kitenzi estar, "el médico estaba en el pueblo". Kiswahili hutenganisha mambo hayo kwa mpangilio wa maneno na kwa viambishi vya mahali: 'kijijini kulikuwa na daktari' kwa upande mmoja, 'daktari alikuwapo kijijini' kwa upande mwingine. Hapa lugha hizi mbili zinaelewana vizuri, na hapahitaji maelezo marefu.

Kinachompotosha mwanafunzi ni wakati uliopo. Katika wakati huo uwapo wote hubebwa na umbo moja, hay, ambalo hutumika kwa ajali, kwa kiti, kwa vita na kwa misa ya Jumapili bila kubagua. Aliyelizoea hay hapati onyo lolote kwamba mara tu wakati unapopita njia hugawanyika.

3.0 Hubo na había

Kanuni inayorudiwa zaidi madarasani husema kwamba hubo ni kwa mambo mafupi na ya ghafla, na había ni kwa maelezo ya mandhari na mambo ya kudumu. Kanuni hiyo ina manufaa kwa wiki ya kwanza ya masomo. Baada ya hapo inadhuru. Chukua habari ya utumwa nchini Cuba, ambao ulidumu kwa karne kadhaa na kufutwa mwaka 1886. Kihispania husema "En Cuba hubo esclavitud hasta 1886", kwa hubo, ingawa jambo lenyewe lilikuwa refu kupita maisha ya mtu yeyote. Hapo hapo husema "En 1850 había esclavitud en Cuba", kwa había. Utumwa ni ule ule, nchi ni ile ile, na urefu wa muda haujabadilika. Kilichobadilika ni mahali alipojiweka msemaji. Sentensi ya kwanza inautazama utumwa kutoka nje, ukiwa na mwisho uliotajwa. Ya pili inasimama mwaka 1850, ndani ya jambo ambalo bado linaendelea, na haijali litakoma lini.

Hivyo hivyo vita iliyodumu miaka mitatu hupewa hubo ikiwa miaka hiyo mitatu imehesabiwa, "hubo guerra durante tres años", kwa sababu kuhesabu muda mzima ni kuufunga. Muda mrefu uliofungwa ni tukio. Muda mfupi ulioachwa wazi ni hali.

Aina ya nomino nayo ina mvuto, lakini haina mamlaka ya mwisho. Nomino zinazotaja matukio, kama vile tetemeko, ajali, mgomo au mkutano, huelekea hubo kwa asili yake: "En 1960 hubo un terremoto en Valdivia", kwa tetemeko la kusini mwa Chile lililofikia ukubwa wa 9.5. Hata hivyo nomino hiyo hiyo hupokea había bila taabu matukio yakirudiwa pasipo idadi, "en aquellos años había terremotos". Vivyo hivyo "el domingo hubo misa" ni Jumapili moja iliyokwisha, na "los domingos había misa" ni desturi. Kwa upande wa pili, nomino za vitu, ambazo huelekea había, hukubali hubo pale msemaji anapotaka kuufunga uhai wa kitu. Mtu anayeonesha kiwanja kitupu anaweza kusema "aquí hubo un cine" au "aquí había un cine". Zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inatoa taarifa kamili: jumba la sinema liliwahi kuwapo, likaisha, na habari yake imekwisha pamoja nalo. Ya pili inamwacha msikilizaji akingoja, kwa kuwa imefungua mandhari ya wakati fulani ambamo kuna jambo jingine litakalosimuliwa.

Katika usimulizi tofauti hiyo husikika waziwazi. "Abrí la puerta y había un hombre" maana yake ni kwamba msimulizi alifungua mlango akamkuta mtu ambaye alikuwa pale kabla ya mlango kufunguliwa. Hubo hapo ingemchanganya msikilizaji, maana ingemfanya mtu huyo atokee ghafla kama radi. Lakini kwa ukelele hubo ndiyo inayofaa, "abrí la puerta y hubo un grito", kwa sababu ukelele ulizaliwa baada ya mlango kufunguliwa na ukafia hapo hapo.

Ukanushi huonesha jambo hilo kutoka upande mwingine. "No había clases" hueleza hali: siku hiyo, au kipindi hicho, masomo hayakuwamo katika ratiba. "No hubo clases" huarifu kwamba masomo yaliyotarajiwa hayakufanyika. Tukio lililokosekana nalo ni tukio, na watu hulilalamikia.

Mfano ulio na nguvu zaidi ni ule wa ratiba. "Ayer había reunión, pero la cancelaron" ni sentensi timamu: jana kulikuwa na mkutano uliopangwa, lakini ukafutwa. Ukiweka hubo mahali pa había, sentensi inajipinga yenyewe, kwa kuwa hubo inathibitisha kwamba mkutano ulifanyika hadi mwisho. Jambo hili ndilo kiini cha suala zima. Había huweza kukubali kwamba kitu kilikuwapo katika mpango, katika matazamio au katika macho ya mtu, pasipo kudai kwamba kilitimia. Hubo hudai.

Dai hilo huonekana pia katika muundo wa ulazima, ambamo haber hufuatwa na que na kitenzi kisichoambishwa. "Había que vender la casa" husema kwamba ilipasa nyumba iuzwe. Huenda iliuzwa, huenda haikuuzwa. "Hubo que vender la casa" humfahamisha msikilizaji kwamba nyumba ilipasa kuuzwa na ikauzwa. Mwanasheria anayesoma barua ya madai ya urithi hawezi kupuuza herufi hizo chache. Kiswahili kina mbinu inayokaribia hapo, ingawa si ya lazima: 'ilibidi nyumba iuzwe' inaweza kuacha mlango wazi, ilhali 'ikabidi nyumba iuzwe', ndani ya masimulizi, humfanya msikilizaji aone kwamba mnunuzi amekwisha kuingia.

Kuna pia umbo la ha habido, ambalo hubadilika kufuatana na jiografia. Katika sehemu kubwa ya Hispania, ajali ya asubuhi hii huarifiwa kwa "esta mañana ha habido un accidente". Katika nchi nyingi za Amerika, ajali hiyo hiyo ya asubuhi hii hupewa hubo. Tafsiri ya 'kumetokea ajali' inatosha kwa ya kwanza, lakini mfasiri asidhani kwamba hubo ya mtu wa Mexico inaisukuma ajali mbali na leo.

4.0 Kulikuwa na

Kiswahili hakina jozi ya maumbo inayolingana na hubo na había. Mofimu -li- ya 'kulikuwa na' huweka uwapo katika wakati uliopita na kuishia hapo. Ni sahihi kusema 'Cuba kulikuwa na utumwa hadi 1886' na 'mwaka 1850 Cuba kulikuwa na utumwa', na kitenzi hakitikisiki. Viashiria vya muda ndivyo vinavyobeba mzigo ambao Kihispania huuweka ndani ya kitenzi.

Je, basi 'kulikuwa na' iko karibu na ipi? Jaribio la mkutano linatoa jibu. 'Jana kulikuwa na mkutano, lakini ukaahirishwa' ni sentensi ambayo hakuna msemaji atakayeikataa. 'Jana mkutano ulifanyika, lakini ukaahirishwa' haisimami. Kwa hiyo 'kulikuwa na' haikatai kutimia wala haithibitishi. Inaweza kusimama mahali pa había siku zote, na inaweza kusimama mahali pa hubo pale tu muktadha unapokwisha kuthibitisha tukio. Mfasiri anayeitumia kwa hubo bila kuangalia anafuta dai lililokuwamo katika matini asilia.

Si kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kuthibitisha. Uwezo huo umewekwa katika uteuzi wa kitenzi, wala haumo katika unyambuaji wa kitenzi kimoja. Mkutano hufanyika, ajali hutokea, vita huzuka, ugonjwa huingia, kelele hupigwa, misa husomwa. Hubo moja ya Kihispania hugawika katika vitenzi vingi, na kila kimoja huongeza rangi ambayo hubo haikuwa nayo. Hapo pana hatari iliyo kinyume na ile ya kwanza. Katika "hubo tres muertos" Kihispania hakisemi kama watu hao waliuawa au walikufa kwa moto, njaa au maradhi. Mfasiri anayeandika 'watu watatu waliuawa' amemshtaki mtu ambaye shahidi hakumtaja. 'Katika nyumba hiyo palitokea vifo vitatu' ina uzito wa lugha ya ofisini, lakini inalinda tukio pamoja na ukimya uliolizunguka.

Mofimu -ka- ndiyo inayokaribia hubo zaidi kwa umbo. 'Kukawa na vurugu' na 'pakawa na kimya' ni uwapo uliozaliwa baada ya jambo jingine, si uwapo uliokutwa. Wasimulizi wa hadithi wamelijua hilo tangu zamani. Fanani anapotamka 'Paukwa!' hadhira hujibu 'Pakawa!', na jibu hilo lina kiambishi cha mahali pa-, mofimu -ka- na kitenzi -wa: uwapo unaotukia mbele ya masikio ya wasikilizaji, kabla ya mhusika yeyote kutajwa. Fomula za Kihispania za kufungulia hadithi, "había una vez" na "érase una vez", huchagua upande mwingine; huanza ndani ya hali iliyokwisha kuwapo na kuungoja mkasa uje kuivuruga. Mfasiri wa ngano hana haja ya kulinganisha neno kwa neno hapo, kwa kuwa fomula hutafsiriwa kwa fomula, lakini ulinganisho huo unafaa kama kielelezo cha hubo na había katika umbo dogo kabisa.

Kwa upande wake Kiswahili kinalazimisha uchaguzi ambao Kihispania hakiujui. Sandukuni mlikuwa na nguo, mezani palikuwa na nguo, nyumbani kulikuwa na nguo: viambishi vya PA-KU-MU husema kama mahali ni mahususi, pa jumla au pa ndani. Había haisemi lolote kati ya hayo. Kwa hiyo tafsiri iliyo karibu zaidi na sentensi ya kwanza ya makala haya ni 'nyumbani mlikuwa na maiti watatu', na mofimu ya mu- imeongezwa na lugha pokezi, kwa haki, kwa kuwa en la casa inairuhusu.

5.0 Kutoka umiliki hadi uwapo

Ufanano wa 'kuwa na' na haber una mizizi mirefu kuliko unavyoonekana leo. Haber imetokana na kitenzi cha Kilatini habere, 'kuwa na, kumiliki'. Kilatini cha kale kilieleza uwapo hasa kwa esse, kitenzi cha 'kuwa', na mabaki yake yamo katika "érase una vez". Baadaye, katika Kilatini cha mwishoni na katika lugha zilizozaliwa nacho, habere isiyo na kiima ilianza kueleza uwapo: mahali fulani 'pana' kitu. Kihispania cha Zama za Kati kiliweza kuongeza neno dogo y, lenye maana ya 'hapo', na neno hilo likashikamana na ha ya wakati uliopo hadi yakawa neno moja, hay. Kifaransa kimelihifadhi neno la namna hiyo katika il y a, na Kikatalani katika hi ha. Katika wakati uliopita wa Kihispania halikushikamana. Había na hubo hazina alama yoyote ya mahali ndani yake.

Hadi hapo mwanafunzi wa Kiswahili yuko nyumbani. Kitenzi cha umiliki kimegeuka kitenzi cha uwapo, na mahali pamechukua nafasi ya mmiliki: 'nina kitabu', 'pana kitabu'. Lakini Kihispania kilipiga hatua moja zaidi. Kitenzi tener, ambacho awali kilimaanisha 'kushika', kilianza kuichukua kazi ya umiliki, na kufikia karne ya 17 kilikuwa kimeinyang'anya haber kazi hiyo. Haber ikabaki na kazi mbili: kusaidia vitenzi vingine na kueleza uwapo. Msemaji wa leo hasikii tena umiliki wowote ndani ya había.

Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa. Katika 'kulikuwa na vitabu', mofimu ya na bado inafanya kazi ile ile inayofanya katika 'nilikuwa na vitabu', na kila siku inamkumbusha msemaji kwamba vitabu ni kinachomilikiwa. Katika "había libros" hakuna kumbusho la namna hiyo. Nomino imebaki kama yambwa ya kitenzi ambacho hakina tena maana inayohitaji yambwa. Kireno cha Brazili kimepita njia ile ile kwa mara ya pili: ter, ndugu wa tener, baada ya kuchukua umiliki kimechukua na uwapo, hata msemaji wa kawaida wa huko akasema tinha pale ambapo Kireno cha Ulaya husema havia. Huko umiliki na uwapo vimeungana tena, kama katika Kiswahili. Kihispania hakikufuata.

6.0 Habían, hubieron na habíamos

Nomino iliyoachwa bila sababu ya kuwa yambwa hutafuta kazi nyingine, na kazi iliyo karibu ni ya kiima. Kihispania kina vitenzi vingi vya jirani ambavyo nomino inayofuata ni kiima na hupatana navyo: "existían problemas", "faltaban sillas", "quedaban dos días". Mamilioni ya wasemaji wameiingiza haber katika kundi hilo na kusema "habían problemas", "hubieron fiestas", "van a haber cambios". Katika wakati uliopo badiliko hilo halionekani kwa kawaida, kwa kuwa hay imeganda. Ni wakati uliopita unaolifichua, na ndiyo sababu mjadala wote wa upatanisho wa haber ni, kwa sehemu kubwa, mjadala wa uwapo uliopita.

Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas aliyefanya kazi Chile kuanzia mwaka 1829, alilikemea jambo hilo katika sarufi yake ya mwaka 1847, akilieleza kuwa karibu kila mtu wa Chile alilitenda. Kuna kinaya hapo, kwani sarufi hiyo iliandikwa mahususi kwa matumizi ya watu wa Amerika, na Bello kwa kawaida aliwatetea. Sarufi mpya ya Chuo cha Kihispania na vyuo wenza, iliyotolewa mwaka 2009, inakiri kwamba wingi huo umeenea katika nchi nyingi za Amerika, na kwamba nchini Hispania unasikika katika visiwa vya Kanari na maeneo yanayosema Kikatalani. Pamoja na hayo inapendekeza umoja katika lugha ya uangalifu. Mahakama, magazeti na shule hufuata pendekezo hilo.

Hoja ya wanaotetea umoja ina nguvu katika kiwakilishi, los había, ambacho hakina maelezo mengine isipokuwa yambwa. Ina udhaifu katika kihusishi a. Kihispania huitanguliza a mbele ya yambwa nyingi za watu, lakini hakuna asemaye "había a un hombre". Yambwa hii haikuwa ya kawaida tangu mwanzo. Kuiita habían uzembe wa wasiosoma ni kupuuza ukweli kwamba wasemaji hao wanatatua tatizo ambalo historia iliwaachia. Kiswahili kimelitatua kwa kuwa na njia mbili zilizo halali sawasawa: 'kulikuwa na watu', pasipo upatanisho na nomino, na 'walikuwapo watu', pamoja na upatanisho. Mwenye habían anaifungua njia ya pili katika lugha ambayo kaida yake inatambua ya kwanza tu.

Umbo linalostahili uangalifu zaidi wa mtafiti ni habíamos, la nafsi ya kwanza wingi. "Habíamos cinco en la casa" ni sentensi ambayo mhariri yeyote wa Kihispania sanifu ataisahihisha, na Bello aliilaumu namna hiyo hiyo ya usemi. Swali ni itasahihishwa vipi. Mhariri anayefuata kanuni ya umoja bila kufikiri ataandika "había cinco personas en la casa". Kisarufi hana kosa. Lakini aliyesema habíamos alijihesabu: tulikuwapo watano nyumbani, na mimi nikiwa mmoja wao. Katika había cinco personas nafsi hiyo imetoweka, na shahidi aliyekuwamo ndani amegeuzwa mtu anayesimulia habari za nyumba ya wengine. Kihispania sanifu kina njia za kumbakiza, ambazo ni "éramos cinco" na "estábamos cinco", na Kiswahili husema 'tulikuwa watano' au 'tulikuwamo watano' bila kumlazimu mtu kuchagua kati ya sarufi na nafasi yake mwenyewe ndani ya nyumba.